Namna ya Kutofautisha Rangi ya Asili na Rangi ya Kupikwa kwenye Sarafu za Fedha

Sarafu ya fedha isiyosafishwa, ikikaa miaka mingi ndani ya mfuko, bahasha au albamu, hubadilika rangi. Huanza kwa manjano hafifu, na mazingira yakiruhusu hufika kwenye zambarau, buluu na hata kijani. Wakusanyaji wengi wanazipenda rangi hizo, kiasi kwamba dola ya Marekani ya aina ya Morgan, ambayo ikiwa nyeupe ina bei inayojulikana na kila mfanyabiashara wa sarafu, inaweza kununuliwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo kwa sababu tu imejipamba kwa rangi. Palipo na faida ya namna hiyo hapakosi wapishi, na ndiyo maana soko limejaa sarafu zilizotiwa rangi kwa joto, kwa salfa au kwa dawa za dukani, kisha zikauzwa kana kwamba zimelala ghalani miaka sabini.

Mwongozo huu unafuata njia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mnunuzi aliweke kando kwanza swali la kama rangi inapendeza, ajiulize kama sarafu hiyo ingeweza kuipata rangi hiyo mahali ilipokuwa imehifadhiwa. Rangi ya asili huwa na sababu inayoonekana kwenye sarafu yenyewe, ilhali ya kupikwa mara nyingi hukosa sababu, au huwa na sababu mbili zinazogongana.

Hatua ya kwanza: elewa rangi inatoka wapi

Hewa ya kawaida huwa na kiasi kidogo sana cha gesi zenye salfa, hasa haidrojeni salfaidi, na karatasi, kadibodi na vitambaa vya zamani pia huachia salfa polepole. Salfa hiyo hushikana na fedha na kutengeneza utando mwembamba wa salfaidi ya fedha juu ya uso wa sarafu. Utando huo hauna buluu wala zambarau ndani yake. Rangi tunayoiona hutokana na mwanga unaoakisiwa mara mbili, sehemu yake kutoka juu ya utando na sehemu nyingine kutoka kwenye fedha iliyo chini, na miali hiyo miwili inapokutana baadhi ya rangi huimarika na nyingine hufutika, kama inavyotokea mafuta ya gari yanapotanda juu ya dimbwi la maji. Kinachoamua ni rangi ipi itakayobaki ni unene wa utando, ambao hupimwa kwa makumi ya nanomita tu.

Jambo moja lazima likubaliwe mapema. Utando uliotengenezwa kwa makusudi kwa kutumia salfa mara nyingi ni salfaidi ileile ya fedha iliyojitengeneza ghalani, kwa hiyo kuipeleka sarafu maabara kupima kemikali hakutatui mzozo. Tofauti iko kwenye muda na nia, nasi tunachotafuta ni alama ambazo haraka ya mpishi huziacha.

Hatua ya pili: tayarisha taa na mikono

Tumia taa moja yenye mwanga wa manjano wa kawaida, iliyoelekezwa mahali pamoja, ndani ya chumba kisicho na mwanga mwingine mkali. Taa ndefu za mirija za ofisini hazifai, kwa kuwa hutawanya mwanga na kuficha mng'ao. Tafuta lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10, ya aina anayotumia sonara. Shika sarafu kwa ukingo wake kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa laini, na usiiguse usoni hata kama mwuzaji mwenyewe anaigusa. Mizani ya kupima hadi sehemu ya mia ya gramu nayo itafaa, kwa sababu sarafu bandia hufunikwa rangi ili kasoro za chapa zisionekane: dola ya Morgan inapaswa kuwa na gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1.

Hatua ya tatu: tazama mng'ao kabla ya rangi

Sarafu inapopigwa chapa, metali hukandamizwa na kutiririka kutoka katikati kuelekea ukingoni, na mtiririko huo huacha mistari myembamba sana ambayo jicho huiona kama mng'ao unaozunguka sarafu inapoinamishwa polepole chini ya taa. Utando wa asili wa unene wa kadiri hukaa juu ya mistari hiyo bila kuiharibu, kwa hiyo ukiinamisha sarafu utaona mwanga ukipita chini ya rangi, na rangi yenyewe ikikolea na kufifia kadiri pembe inavyobadilika. Tindikali hula mistari hiyo, na hapo sarafu hubaki na rangi kali iliyokaa juu ya uso uliokufa, yaani rangi isiyochezacheza hata ukiigeuza vipi.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Utando wa asili ulionenepa mno hadi kuwa mweusi nao huua mng'ao, na sarafu iliyotumika sokoni kwa miaka mingi haina mng'ao wa kuanzia. Lakini sarafu iliyochakaa ambayo nywele za sura zimelainika na bado ina buluu na waridi angavu usoni kote inastahili kushukiwa. Mara nyingi imesafishwa kwanza, na fedha iliyokwanguliwa upya ndiyo inayodaka rangi upesi kuliko yote. Itazame kwa lenzi chini ya rangi: ukiona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, nayo imefunikwa na rangi ileile bila kukatika, basi kusafishwa kulitangulia na rangi ikafuata. Ikiwa mikwaruzo imekata rangi na kuonyesha fedha nyeupe, rangi ilitangulia.

Hatua ya nne: soma mpangilio wa rangi

Kwa kuwa rangi ni unene, nazo rangi zina foleni yake. Utando ukianza kuota juu ya fedha nyeupe hutoa manjano hafifu, kisha dhahabu, kisha kahawia inayoelekea chungwa, kisha damu ya mzee na zambarau, halafu nili na buluu iliyokolea, na baadaye samawati iliyopauka inayokaribia kuwa nyeupe. Hapo mzunguko wa kwanza unakwisha. Utando ukiendelea kunenepa, mzunguko wa pili huanza kwa manjano ya limau, ukapita chungwa na waridi iliyokolea, ukafika kwenye kijani. Mbele ya hapo rangi huchanganyika na kufifia hadi kijivu cheusi, ambako hakuna kurudi.

Sarafu ya asili hutembea katika foleni hiyo bila kuruka. Chukua ile iliyokaa katika tundu la albamu ya kadibodi: salfa imeingilia ukingoni, kwa hiyo utando ni mnene zaidi pale na mwembamba kadiri unavyokwenda katikati. Utasoma, kutoka nje kuingia ndani, buluu, zambarau, kahawia, dhahabu, na mwishowe fedha nyeupe, kila rangi ikiyeyuka ndani ya jirani yake. Kwa kawaida huwezi kupata buluu iliyopakana moja kwa moja na fedha nyeupe bila utepe wa zambarau na dhahabu kati yake, hata kama utepe huo ni mwembamba kiasi cha kuhitaji lenzi. Ukikuta mpaka wa namna hiyo, uliza ni kitu gani kilichoufanya utando uruke hatua zote za mwanzo. Jibu la halali lipo mara chache, kwa mfano pale ambapo kitu kigumu kilikuwa kimeifunika sehemu hiyo kabisa, lakini kwa kawaida jibu ni brashi, tone la dawa au moto.

Kijani ndiyo rangi inayowasaliti wapishi wengi zaidi. Kwa asili iko mwishoni mwa mzunguko wa pili, kwa hiyo sarafu yenye kijani cha kweli lazima iwe na waridi na limau karibu yake. Kijani kilichokaa peke yake karibu na dhahabu hafifu hakina njia ya kufika pale. Pengine hata si utando wa fedha, bali ni uchafu wa plastiki laini uliotoa asidi na kula shaba iliyomo ndani ya fedha, na hilo ni tatizo la aina nyingine.

Hatua ya tano: fuata rangi inavyopita kwenye herufi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa ni vigumu sana kuiga. Sarafu si ubao tambarare: ina herufi, nyota na sura zilizoinuka. Sarafu iliyolala ndani ya mfuko wa turubai iliguswa na kitambaa kwenye uso wake, lakini kitambaa hakikuweza kuingia vizuri kwenye kona kati ya herufi na uso. Pembeni ya kila herufi hubaki ukanda mwembamba ambao utando wake una unene tofauti, na kwa hiyo una rangi ya hatua ya nyuma katika foleni. Chukua dola ya mwaka 1881 yenye alama S ya kiwanda cha San Francisco, utazame maneno E PLURIBUS UNUM yaliyo juu ya kichwa cha mwanamke: uso unaweza kuwa buluu, na kila herufi ikawa imezungukwa na mstari wa zambarau unaoishia kwenye dhahabu pale ukuta wa herufi unapoanzia. Mstari huo hufuata umbo la kila herufi kwa uaminifu, tumbo la P na mguu wa R, kwa namna ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuchora.

Rangi ya kupikwa huwa na tabia mbili zinazopingana na hiyo. Ama hupita juu ya herufi na uso bila kujali, kama kwamba sarafu haina mwinuko wowote, na hiyo ni kazi ya mvuke au joto. Ama hujikusanya kwenye kona za herufi na kuacha madoa meusi zaidi pale, na hiyo ni kazi ya kimiminika kilichokauka. Zamisha jicho hasa katika tarakimu za mwaka na ndani ya matundu yaliyofungika, kama ya 8, maana dawa hukwama humo.

Hatua ya sita: linganisha rangi na ghala

Kila njia ya kuhifadhi huacha umbo lake. Dola za Morgan zilipigwa chapa kuanzia 1878 hadi 1904, na tena mwaka 1921, kwa wingi uliozidi mahitaji ya watu, na mamilioni yake yakawekwa katika maghala ya serikali ndani ya mifuko ya turubai yenye sarafu 1,000 kila mmoja. Nyingi kati ya zilizobaki bila kuyeyushwa zilitolewa hadi miaka ya 1960. Ndani ya mfuko, sarafu iliyolalia ukuta wa kitambaa ilipata rangi upande mmoja tu, na ikiwa sarafu jirani ilikuwa imeilalia nusu, rangi iliishia kwenye ukingo wa jirani huyo na kuchora umbo la mwezi mwandamo. Wakati mwingine nyuzi za turubai zenyewe huonekana kama vitundu vilivyopangwa katika mistari inayokatana. Upinde huo wa mwezi unapaswa kuwa na mviringo wa sarafu ya ukubwa uleule. Ukiwa na mviringo wa kizibo cha chupa, tafakari.

Sarafu iliyokuwa mwishoni mwa bunda la karatasi huwa na rangi upande uliotazama nje na weupe upande wa pili. Iliyokuwa katika albamu huwa na pete pande zote mbili. Iliyokaa katika bahasha ndogo ya karatasi huwa na rangi tulivu, za kijivu, dhahabu na urujuani, zinazoelekea zaidi upande ulio karibu na gundi. Sarafu yenye upinde wa rangi mkali na wa kiwango kilekile pande zote mbili na kwenye ukingo pia haiingii katika ghala lolote kati ya haya, kwa maana ingebidi iwe imening'inizwa hewani miaka yote hiyo.

Aina ya sarafu nayo ina neno. Dola za Peace, zilizofuata Morgan kuanzia 1921 hadi 1935, ni nadra sana kupata rangi angavu kwa asili, kwa hiyo yenye upinde mkali ichunguzwe mara mbili. Sarafu za kisasa za fedha ya 999, yaani sehemu 999 za fedha safi katika kila 1,000, kama zile za Eagle zinazotolewa na Marekani tangu 1986, hupata rangi kwa urahisi mno, na kwa bei yake ndogo ndizo wapishi wanazojifunzia.

Sarafu zilizopita mikononi mwa watu wa pwani

Msomaji wa Afrika Mashariki ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na rupia au riale kuliko dola ya Morgan, na hapa kanuni zilezile zinahitaji marekebisho. Rupia ya Kijerumani, yenye sura ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani aliyevaa kofia ya vita yenye tai, ilitolewa na kampuni ya Kijerumani kuanzia 1890 na baadaye na serikali ya koloni. Ni fedha ya kiwango cha 917 yenye gramu 11.66, sawasawa na rupia ya Kihindi iliyotangulia kutumika Zanzibar na Mombasa. Nyingi zilizunguka sokoni, zikafukiwa ardhini au zikawekwa sandukuni katika hewa ya bahari yenye chumvi. Rangi inayostahili kutarajiwa kwake ni kijivu chenye weusi kati ya herufi na weupe kwenye sehemu zilizoinuka zinazosuguliwa na vidole. Chumvi huongeza utando mzito usiong'aa, wa kijivu au wa urujuani uliochakaa. Rupia iliyolika masharubu ya Wilhelm lakini ikawa na waridi na buluu za kung'aa imesafishwa na kupikwa, na mimi siongezi hata senti kwa ajili ya rangi hiyo.

Riale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ina mtego wake. Mwaka wa 1780 ulioandikwa juu yake si mwaka wa kutengenezwa: sarafu hiyo iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile Vienna, na katika karne ya 20 pia Rome, London na Bombay, na Vienna ingali ikiitoa. Mwuzaji anayesema kwamba rangi ni ya asili kwa kuwa sarafu ina zaidi ya miaka mia mbili hajathibitisha chochote, maana yawezekana ilitoka kiwandani juzi. Tazama pia ukingo kwa lenzi. Riale nyingi zilivaliwa kama mapambo, na kitanzi kikiondolewa hubaki alama ya kulehemu, ambayo rangi nzito ya kupikwa hutumiwa kuificha. Karibu na alama hiyo rangi hubadilika ghafla.

Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu. Rangi yake hutawaliwa na metali nyingine zilizochanganywa, kwa hiyo hudhurungi na manjano machafu ni kawaida, na foleni ya rangi niliyoieleza juu haiwezi kutumika kwake kwa ukamilifu.

Hatua ya saba: pua na asetoni

Inusa sarafu. Iliyopikwa kwa salfa siku za karibuni huweza kutoa harufu ya yai viza, na nyingine hunukia sabuni ya nywele au mafuta. Harufu huisha, kwa hiyo kutokuwapo kwake si ushahidi.

Ikiwa sarafu ni yako na unashuku wino au rangi ya kupaka, itumbukize dakika chache katika asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, ndani ya chombo cha kioo, penye hewa na mbali na moto, kwa sababu asetoni hushika moto kwa wepesi mno. Asetoni huondoa wino, vanishi, mafuta na uchafu wa plastiki, lakini haiondoi salfaidi ya fedha. Rangi ikitoka, ilikuwa ya kupaka. Ikibaki, umejua tu kwamba haikupakwa. Usisugue wakati wa kukausha. Dawa za kung'arisha fedha zisitumike kama kipimo, kwa kuwa huondoa utando wowote, wa asili na wa kupikwa, na kula sehemu ya mng'ao wa sarafu pamoja nao.

Hatua ya nane: picha, makasha na bei

Anayenunua kwa picha aombe picha tatu za pembe tofauti na video fupi ya sarafu ikiinamishwa chini ya taa moja, na aangalie rangi ya vidole vya anayeishika: vidole vikiwa vya zambarau, picha imekolezwa. Mwuzaji anayekataa kutoa video ya sarafu ya bei kubwa amekwisha kujibu.

Makampuni ya Marekani ya kupima sarafu, kama PCGS na NGC, huzifunga sarafu katika makasha ya plastiki na hukataa kuipa daraja la kawaida sarafu ambayo rangi yake inatia shaka. Kasha hilo hupunguza hatari lakini haliimalizi. Wapimaji nao hutofautiana, sarafu huweza kuendelea kubadilika rangi ndani ya kasha, na makasha bandia yapo, hivyo namba ya cheti ihakikishwe kwenye orodha ya kampuni yenyewe na picha zilinganishwe.

Baada ya hatua zote, sarafu nyingine zitabaki bila hukumu. Foleni ya rangi iko sawa, mng'ao upo, lakini umbo halilingani na ghala lolote unalolijua. Kwa sarafu ya namna hiyo bei ya haki ni ile ya sarafu isiyo na rangi, ya daraja lilelile la uchakavu, na asiyekubali kuuza kwa bei hiyo aachiwe sarafu yake. Ukiinunua, iandike katika daftari: uzito, mahali ilipotoka, maelezo ya mwuzaji, na picha ya siku uliyoipokea chini ya taa ileile utakayoitumia baadaye. Iweke katika kasha gumu lisilo na plastiki laini, mbali na mpira wa kufungia noti, sufu na kadibodi ya kawaida. Itazame tena baada ya miezi sita na uilinganishe na picha, kwa kuwa rangi iliyotengenezwa kwa haraka mara nyingi haitulii.